Masharti ya Ustahimilivu wa Maafa kwa Wasimamizi wa Majina ya Kikoa

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, uweze:

(a) kueleza maana ya jina la kikoa na kazi ya msimamizi wa rejista;
(b) kubainisha aina za maafa yanayoweza kuzima majina ya kikoa;
(c) kufafanua masharti saba ya ustahimilivu, kila moja kwa mfano;
(d) kukokotoa muda unaoruhusiwa wa kukatika kwa huduma;
(e) kujibu swali la insha kwa hoja na ushahidi.

1. Utangulizi

Fikiria siku ya kutangazwa kwa matokeo yako. Umeshika simu, bando lipo, mtandao unasoma vizuri. Unaandika necta.go.tz na kubonyeza. Simu inajibu kwamba anwani hiyo haipatikani. Unajaribu tena, jibu ni lile lile. Wakati huohuo, kompyuta zinazotunza matokeo ziko salama, zina umeme na zinafanya kazi. Matokeo yako yapo. Kilichopotea ni njia ya kuyafikia.

Huu ni mfano wa kufikirika, lakini jambo lenyewe linawezekana. Jina unaloandika kwenye simu halikupeleki popote mpaka kwanza litafsiriwe kuwa anwani ya namba. Ukipoteza simu yenye namba zote za rafiki zako, rafiki hao bado wako hewani, ila huwezi kumpigia hata mmoja kwa sababu hukukariri namba zao. Intaneti nayo ina orodha yake ya majina na namba. Orodha hiyo ikipotea au ikinyamaza, tovuti, barua pepe na huduma za malipo hukatika pamoja, hata kama mitambo yake yenyewe haijaguswa.

Ndiyo maana watunzaji wa orodha hiyo hawaachiwi wafanye wapendavyo. Wamewekewa masharti ya kujiandaa kwa maafa. Mada hii inaeleza masharti hayo, sababu zake, na yaliyotokea pale yalipofuatwa au kupuuzwa.

2. Istilahi muhimu

*Anwani ya IP* ni namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti.

*Jina la kikoa* ni jina linalosomeka kirahisi na binadamu, linalosimama badala ya anwani ya namba. Mfano: necta.go.tz.

*Seva ya majina* ni kompyuta inayojibu swali hili: "Jina hili lina anwani gani?"

*Kikoa cha ngazi ya juu* ni sehemu ya mwisho ya jina, baada ya nukta ya mwisho. Vipo vya nchi, kama .tz ya Tanzania na .ke ya Kenya, na vipo vya jumla, kama .com na .africa.

*Msimamizi wa rejista* ni taasisi inayotunza orodha yote ya majina yaliyo chini ya kikoa kimoja cha ngazi ya juu. Kwa mfano, .ke husimamiwa na KeNIC.

*Msajili* ni kampuni inayomuuzia mteja jina na kulipeleka kwenye rejista. Usimchanganye na msimamizi wa rejista. Msajili ni kama wakala wa dukani, na msimamizi wa rejista ndiye mwenye daftari kuu.

*Ustahimilivu wa maafa* ni uwezo wa huduma kuendelea wakati wa maafa, au kurejea ndani ya muda uliopangwa, bila kupoteza kumbukumbu.

3. Jinsi jina linavyotafutwa

Unapoandika necta.go.tz, kompyuta husoma jina hilo kuanzia kulia kwenda kushoto.

(i) Kwanza huuliza *seva za mzizi*, ambazo ndizo kilele cha mfumo wote: "Nani anajua habari za .tz?"
(ii) Kisha huuliza seva za .tz kuhusu sehemu zinazofuata.
(iii) Mwisho hufika kwenye seva ya majina ya taasisi husika, ambayo hutoa anwani kamili.

Kutokana na mpangilio huu tunapata kanuni moja unayopaswa kuikariri: *kadiri hitilafu inavyotokea juu, ndivyo madhara yanavyosambaa chini.* Seva ya majina ya shule moja ikizimika, shule hiyo moja huathirika. Seva zote za .tz zikizimika, .go.tz, .co.tz, .ac.tz na .sc.tz huathirika pamoja: wizara, benki, vyuo na shule.

Madhara hayo hayaonekani papo hapo kwa kila mtu. Watoa huduma za intaneti hukumbuka majibu ya karibuni kwa muda fulani, dakika chache hadi siku moja au mbili. Kumbukumbu hiyo ikiisha muda wake, jina hutoweka pia kwa waliokuwa bado wanalipata.

4. Maafa yanayotishia majina ya kikoa

Watahiniwa wengi wakisikia neno "maafa" huandika mafuriko na tetemeko, kisha huishia hapo. Jibu kamili hugusa makundi matano.

(a) *Maafa ya asili.* Matetemeko, mafuriko, vimbunga na moto wa nyikani huharibu majengo, umeme na nyaya.

(b) *Hitilafu za miundombinu.* Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo.

(c) *Makosa na mashambulizi ya binadamu.* Tarehe 21 Oktoba 2016, kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiendesha seva za majina za makampuni mengi, ilifurikishwa kwa maswali ya uongo kutoka vifaa vingi vilivyotekwa na wadukuzi. Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watumiaji wengi.

(d) *Kuanguka kwa taasisi.* Kampuni inaweza kufilisika au kutelekeza kazi. Mitambo inabaki mizima, lakini hakuna wa kuilipia umeme wala wa kuihudumia.

(e) *Magonjwa ya mlipuko.* Mtambo hauugui, lakini watu wanaouhudumia wanaweza kuzuiwa kusafiri au kukutana.

5. Nani anaweka masharti?

Vikoa vya jumla hufungwa na mkataba kati ya msimamizi wa rejista na ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti duniani, lenye makao yake Los Angeles, Marekani. Kikoa cha .africa, kinachoendeshwa kutoka Afrika Kusini na kilichofunguliwa kwa umma mwaka 2017, kimo katika kundi hili.

Vikoa vya nchi havifungwi na mkataba huo. Kila nchi hujipangia utaratibu wake kupitia sheria na mamlaka zake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ulipitisha mwezi Desemba 2022 sheria iitwayo NIS2, ambayo inawagusa wasimamizi wa rejista bila kujali ukubwa wao. Sheria hiyo inawataka wawe na nakala rudufu, mpango wa kurejesha huduma baada ya maafa na mpango wa kukabili dharura. Tukio kubwa likitokea, watoe tahadhari ya awali ndani ya saa 24, taarifa kamili zaidi ndani ya saa 72, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja baada ya taarifa hiyo.

*Kwa nini iwe sharti na si hiari?* Kujiandaa kwa maafa kunagharimu fedha kila mwezi, na faida yake haionekani mpaka siku ya shida. Anayekata gharama hiyo huokoa fedha zake mwenyewe, lakini hasara ya siku ya maafa huwaangukia wengine: mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi anayesubiri matokeo. Pale ambapo mmoja anaokoa na wengine wanaumia, hiari haitoshi.

6. Masharti makuu saba

6.1 Seva zitawanywe

Seva za majina zisikae jengo moja, mji mmoja wala mtandao mmoja. Mwongozo wa wahandisi wa intaneti namba 2182 wa Julai 1997 ulishaeleza hivyo: seva ziwe mbalimbali kijiografia na pia kimtandao.

Zingatia maneno "na pia kimtandao". Mwezi Januari 2001, Microsoft ilikuwa na seva nne za majina, lakini zote zilitegemea njia moja ya mtandao. Mpangilio wa ruta ulipokosewa, seva zote nne zikawa hazifikiki na tovuti zake zikapotea kwa karibu siku nzima. Zilikuwa nne kwa idadi, lakini kwa hatari zilikuwa moja.

Linganisha na Haiti. Alasiri ya tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliubomoa sana mji mkuu wa Port-au-Prince. Mkongo wa baharini uliofika hapo uliharibika na seva za .ht zilizokuwa mjini zikanyamaza. Hata hivyo, majina ya .ht hayakufutika duniani, kwa sababu nakala za seva hizo zilikuwapo nje ya nchi na ziliendelea kujibu.

Je, basi tuziweke zote nje ya nchi? Hapana. Mkongo ukikatika, kama ilivyokuwa Mei 2024, watu wa ndani wanahitaji seva iliyo karibu nao ili huduma za ndani ziendelee. *Seva za nje hulinda nchi inapopigwa, na seva za ndani hulinda nchi inapotengwa.* Sentensi hiyo moja inaweza kubeba hoja nzima ya insha yako.

Seva za mzizi ni mfano mzuri. Zina majina 13 tu, A hadi M, lakini nakala zake ni zaidi ya 1,500 duniani, zikiwamo zilizopo Nairobi.

6.2 Huduma ifikie viwango vya muda

Mkataba wa ICANN kwa vikoa vipya vya jumla unaweka viwango vinavyopimwa kila mwezi:

- Huduma nzima ya kujibu majina: isikatike kabisa, yaani dakika 0. Ili ihesabike kuwa hai, angalau seva mbili ziwe zinajibu sawasawa.
- Seva moja moja ya majina: isizidi dakika 432 za kukatika.
- Mfumo wa kusajili majina: usizidi dakika 864.
- Huduma ya taarifa za wenye majina: isizidi dakika 864.

Ona mantiki yake. Seva moja inaruhusiwa kuanguka, lakini huduma nzima hairuhusiwi. Mkataba haukatazi ajali kutokea. Unachokataza ni ajali moja kuzima kila kitu. Kusajili jina jipya kunaweza kusubiri kesho, bali kulipata jina lililopo hakuwezi kusubiri.

*Hesabu ndogo.* Mwezi wa siku 30 una dakika 30 × 24 × 60 = 43,200. Dakika 432 ni sawa na 432 ÷ 43,200 × 100 = 1%. Kwa hiyo seva moja inatakiwa kuwa hai kwa asilimia 99. Sasa kokotoa mwenyewe asilimia ya dakika 864, kisha uibadili iwe saa na dakika. (Jibu: 2%, sawa na saa 14 na dakika 24.)

6.3 Daftari liwekwe amana

Msimamizi wa rejista lazima apeleke nakala ya daftari lake kwa wakala huru anayeitunza kama amana. Nakala kamili hupelekwa kila Jumapili, na mabadiliko hupelekwa kila siku katika siku nyingine sita za wiki.

Kwa nini asiitunze mwenyewe? Kwa sababu maafa yanaweza kuwa yeye mwenyewe. Akifilisika au akifunga ofisi, nakala iliyo kabatini kwake haitamsaidia mtu.

Sharti hili lina historia. Mwaka 2007 msajili mmoja wa Marekani, RegisterFly, aliporomoka. Wateja walishindwa kulipia upya majina yao wala kuyahamishia kwingine, na wengine waliyapoteza. ICANN ilimfutia ithibati na majina yakahamishiwa GoDaddy. Mkataba wa wasajili ulikuwa tayari na kifungu cha kuweka amana, lakini utaratibu wa kukitekeleza ulikuwa haujaanza. Ulianzishwa baada ya mkasa huo. Funzo ni kwamba *sharti lililoandikwa bila kukaguliwa halimlindi mtu.*

6.4 Awepo mwendeshaji wa dharura

ICANN imeteua mapema taasisi zinazoweza kushika usukani pale msimamizi wa rejista anaposhindwa. Huchukua amana iliyotajwa hapo juu na kuendesha kazi tano za lazima:

(i) kujibu maswali ya majina;
(ii) kutunza saini za kidijitali za kikoa;
(iii) kuendesha mfumo wa usajili;
(iv) kutoa taarifa za wenye majina;
(v) kuendelea kuweka amana.

Kipo kipimo cha kuamua lini hali imekuwa ya dharura. Huduma ya kujibu majina ikikatika kwa jumla ya saa 4 ndani ya wiki moja, au mfumo wa usajili ukikatika kwa saa 24 ndani ya wiki, ICANN inaweza kumwita mwendeshaji wa dharura. Usichanganye kipimo hiki na kile cha 6.2. Kuvuka dakika za mwezi ni kuvunja mkataba, bali kufikia saa hizi ni sababu ya kumpa mwingine kazi.

Utaratibu huu ulitumika kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2017, kikoa cha .wed kilipokwama na kukabidhiwa kwa muda Nominet ya Uingereza. Kilikuwa kikoa kidogo, lakini kilithibitisha kwamba daftari linaweza kuhama mikono bila majina kufutika.

6.5 Fedha za akiba ziwepo

Kazi ya dharura hulipiwa na nani ikiwa mwenye kikoa amefilisika? Mkataba wa msingi uliotokana na maombi ya vikoa vipya ya mwaka 2012 ulijibu swali hilo mapema. Mwombaji alitakiwa kuonyesha dhamana ya fedha, kwa mfano barua ya benki, inayotosha kuendesha kazi tano za lazima kwa miaka 3. Fedha hizo hazigusi faida ya kampuni. Ni sanda yake, imenunuliwa mapema.

6.6 Funguo na saini zilindwe

Majibu ya seva za majina husainiwa kidijitali ili mdanganyifu asikupeleke kwenye tovuti bandia. Lakini saini hizo zina tarehe ya mwisho. Zikipita muda bila kusainiwa upya, kompyuta zinazokagua saini hukataa hata majibu ya kweli. Kwa hiyo ulinzi wenyewe unaweza kugeuka maafa.

Funguo kuu za mzizi hutunzwa katika vituo viwili vilivyo pande mbili za Marekani, El Segundo katika jimbo la California na Culpeper katika jimbo la Virginia. Kwa kawaida wahusika kutoka nchi mbalimbali hukutana mara nne kwa mwaka, na kila kikao huandaa saini za miezi mitatu. Mwezi Aprili 2020, UVIKO-19 ilipofunga safari, kikao kilifanyika na watu wachache, wengine wakifuatilia kwa mbali, na saini za miezi tisa zikaandaliwa kwa mkupuo. Hakuna jengo lililoanguka siku hizo, wala nyaya zilizokatika. Maafa yalikuwa ni watu kushindwa kufika.

Kwa njia hiyohiyo, seva zinazohifadhi nakala hupewa muda wa kuendelea kujibu bila kuwasiliana na seva kuu. Wataalamu hushauri wiki 2 hadi 4. Ukipanga siku moja tu, seva kuu ikipigwa na tetemeko, kesho yake nakala zote zitaacha kujibu ingawa ni nzima.

6.7 Mpango ujaribiwe

Waombaji wa mwaka 2012 walitakiwa pia kueleza jinsi watakavyojaribu kuhamishia huduma kwenye kituo cha pili, angalau mara moja kwa mwaka. Jenereta ambayo haijawahi kuwashwa si jenereta, na nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Mfano wa kinachotokea bila kutarajiwa ni wa tarehe 4 Oktoba 2021. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya Facebook. Seva zake za majina zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, zilijiondoa zenyewe kwenye intaneti, kama zilivyopangiwa. Facebook, WhatsApp na Instagram zikatoweka kwa takribani saa sita. Wahandisi nao walichelewa kurekebisha, kwa sababu zana zao za kazi zilitegemea mtandao uleule ulioanguka. Facebook si msimamizi wa rejista, lakini funzo linawahusu wote: *njia ya kurekebisha isitegemee kitu kilichoharibika.*

7. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

(a) Kuandika kwamba masharti haya huzuia maafa. Hayazuii tetemeko wala kufilisika. Hupunguza madhara na kuharakisha kurejea.

(b) Kuhesabu seva bila kuangalia zinategemea nini. Kumbuka Microsoft 2001.

(c) Kuchanganya msajili na msimamizi wa rejista. RegisterFly alikuwa msajili, .wed ilikuwa rejista.

(d) Kudai kwamba vikoa vyote duniani vinafungwa na mkataba wa ICANN. Vikoa vya nchi hujipangia.

(e) Kutaja sharti bila sababu. Mtahini akiona "waweke nakala rudufu" peke yake, hajui kama umeelewa. Andika nakala iwekwe wapi, kwa nani na kwa nini.

8. Swali la mfano na jinsi ya kulijibu

*Swali:* "Kuwa na nakala ya daftari la majina ya kikoa hakutoshi kuliokoa wakati wa maafa." Thibitisha kauli hii kwa hoja nne. (Alama 15)

*Mwongozo wa jibu:*

Utangulizi: eleza daftari la majina ni nini na nani hulitunza.

Hoja ya 1: nakala lazima iwe mikononi mwa mwingine. Msimamizi akianguka, nakala yake huanguka naye. Tumia RegisterFly, 2007.

Hoja ya 2: nakala inahitaji mtu wa kuiendesha. Daftari lililo kabatini halijibu maswali, ndiyo maana huteuliwa mwendeshaji wa dharura. Tumia .wed, 2017.

Hoja ya 3: nakala inahitaji fedha za kuiendesha. Eleza dhamana ya miaka 3.

Hoja ya 4: nakala inahitaji kuwa mahali panapofikika na yenye muda wa kutosha. Tumia Haiti 2010 na saini za miezi tisa za mwaka 2020.

Hitimisho: usirudie hoja zote. Sema kwa sentensi mbili au tatu kwamba ustahimilivu hujengwa na vitu vinne pamoja, yaani nakala, mahali, mtu na fedha, na kwamba kimoja kikikosekana, vingine havifanyi kazi.

9. Muhtasari

- Jina la kikoa hufanya kazi pale tu seva za majina zinapojibu.
- Hitilafu ya juu huwaathiri wote walio chini.
- Masharti saba ni: kutawanya seva, viwango vya muda, amana ya daftari, mwendeshaji wa dharura, fedha za akiba, ulinzi wa funguo na saini, na majaribio.
- Wazo moja linayaunganisha yote: kisitegemewe kitu kimoja, mahali pamoja wala mtu mmoja.

10. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha msajili na msimamizi wa rejista, kwa mfano mmoja kila upande.
2. Kwa nini tovuti inaweza kutofikika ingawa kompyuta inayoihifadhi ni nzima?
3. Seva moja ya majina ilikatika mara tatu katika mwezi wa siku 30: dakika 150, saa 2 na dakika 40, kisha dakika 95. Je, ilivuka kiwango cha dakika 432? Onyesha njia.
4. Nchi ya kisiwa ina seva nne za majina, zote katika mji mkuu, na mkongo mmoja wa baharini. Mshauri msimamizi wake wa rejista kwa hoja tatu.
5. Eleza jinsi UVIKO-19 ulivyokuwa tishio kwa majina ya kikoa ingawa haukuharibu mtambo wowote.
6. "Masharti ya ustahimilivu ni mzigo kwa kampuni ndogo." Jadili pande zote mbili, kisha toa msimamo wako.

*Jibu la swali la 3:* 150 + 160 + 95 = dakika 405. Haikuvuka, zilibaki dakika 27.

Kwa swali la 4 na la 6, andika jibu lako kwanza bila kurudi kwenye kurasa zilizotangulia. Kisha rudi, ulinganishe, na uongeze mfano wenye mwaka pale ulipokosa.